Nilimwongezea Balozi Alama, Sasa Mama Yake Ameamini

Mpendwa mshauri, msaada ninaokuomba si wa ndoa wala wa jirani mwenye muziki mkubwa, na kama ukurasa wako ni wa hayo tu basi nisamehe, lakini nimekusoma miaka sita kila Jumanne katika chumba cha walimu, tukigombania gazeti moja watu kumi na mmoja, na sijui pengine pa kulipeleka jambo hili ambako halitafika ofisini kwa mwalimu mkuu kabla yangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya umma, kwenye wilaya ndogo, na nikisema ndogo naomba unielewe: tuna shule nne, afisa elimu mmoja na gari moja, ambalo Jumatatu na Jumanne linabeba makaratasi ya mitihani, Alhamisi liko gereji, Ijumaa anasafiri nalo afisa mwenyewe, kwa hiyo wageni wa wilaya wanatembezwa Jumatano, na kwa kuwa wanaondoka ofisini saa tatu na barabara ni ile unayoijua, wote, wawe wakubwa wawe wadogo, wanaingia getini kwetu kipindi cha tatu, na kipindi cha tatu siku ya Jumatano, kama umeshaanza kukisia, ni hesabu.

Wageni wanakuja kwa sababu ya mfuko wa wafadhili. Kiwanda cha matofali kilipofunguliwa watu walihamia hapa kutoka kila upande, wakaja na watoto, na shule yetu iliyokuwa na lugha mbili uwanjani ikawa na tisa, matokeo yakaporomoka kwa sababu mtoto alikuwa analisoma swali kwa lugha moja na kulifikiria kwa nyingine, mpaka kengele inalia bado yuko njiani, ndipo wilaya ikaomba fedha za shule zenye mchanganyiko, ikapewa, na kwa fedha hizo wakaajiriwa walimu wawili wa mkataba, mmoja wa kusoma na kuandika, mmoja wa hesabu, ambaye ndiye mimi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwisho wa mwaka unakata roho, kila mwanzo wa mwaka unafufuliwa, na katikati mimi na mke wangu tunakaa tunatazamana kama watu waliopeleka mgonjwa hospitali.

Sasa, wafadhili wanataka kukiona wanachokilipia, hilo siwalaumu, hata mimi nikinunua viatu navijaribu palepale dukani, basi mwalimu mkuu, mama mchapakazi ambaye sina ugomvi naye isipokuwa huu, akabuni mapokezi: watoto tisa wanasimama mstari mbele ya ofisi, kila mmoja na skafu yake, kila mmoja anasema karibuni kwa lugha ya kwao, wageni wanapiga makofi, wanapiga picha, wanaingia kunywa chai. Mwaka wa kwanza ilipendeza. Mwaka wa pili kiwanda kikapunguza zamu, familia zikaanza kuhama, mstari ukabaki na watoto watano, lakini kwenye maombi ya fedha imeandikwa lugha tisa, na mwalimu mkuu hawezi kuwaambia wageni kwamba nne zimeondoka na lori la vyombo, kwa hiyo zile zilizoachwa akapewa msichana mmoja wa darasa langu ambaye wenzake wanamwita Balozi, kwa sababu ana sikio la kunasa maneno na alikuwa ameshajifunza salamu za rafiki zake wote kabla hawajahama. Ukijumlisha na ya kwao, Balozi anasema karibuni kwa lugha tano. Anavua skafu, anavaa nyingine, anapiga hatua moja kulia, anaendelea, na wageni wanacheka kwa furaha wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Mtoto mwingine akikosa mstari, imekosekana lugha moja. Balozi akikosa, imekosekana nusu ya shule. Kwa hiyo wengine wanapokezana, lakini Balozi hana wa kumpokea, na kwa vile siku hizi hata wilaya jirani zinaleta watu kujifunza tulivyofanikiwa, muhula uliopita ulikuwa na Jumatano kumi na tatu na Balozi alitolewa darasani mara kumi na moja. Na kwa utaratibu wangu mimi, mada mpya naifungua Jumatano, maana ndiyo siku yenye vipindi viwili mfululizo, Jumatatu na Ijumaa ni mazoezi tu. Kwa maneno mengine yule mtoto amefanya muhula mzima mazoezi ya vitu ambavyo hakuvisikia vikifundishwa.

Nilikwenda ofisini. Nikasema, "Mama, huyu Balozi tangu shule zifunguliwe hajaniona nikianza mada."

"Wenzake watamwelekeza Ijumaa."

"Wenzake wenyewe Ijumaa ndiyo kwanza wanaanza kuelewa."

"Hilo sasa ni lako, mwalimu, si langu." Akagonga muhuri karatasi mbili, halafu akanitazama juu ya miwani. "Haya, tumwache darasani. Wageni watakuta lugha nne. Watauliza, nitajibu, mfuko utapunguzwa. Nani ataondoka kwanza? Mimi mwajiri wangu ni serikali."

"Basi tuhamishe hesabu iende Alhamisi."

"Alhamisi chumba chako wamo darasa la tano, kwao kunavuja. Mwalimu, nikuulize kitu kimoja tu. Wewe unataka kipindi cha hesabu, au unataka mwalimu wa hesabu?"

Nikatoka. Mshauri, nimeligeuza jambo hili kila upande, nimekaa nalo, nimetembea nalo, na kila nikiligeuza linakuja vilevile: nalipwa kumfundisha Balozi hesabu kwa fedha zinazopatikana kwa kumtoa Balozi kwenye hesabu.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Mwisho wa muhula Balozi alipata thelathini na nne. Fomu ya wafadhili ina sanduku la alama za wanafunzi walengwa, na hata mmoja wao akiwa chini ya hamsini mihula miwili mfululizo mfuko unaitwa kwenye kikao, na muhula wa nyuma Balozi alikuwa na arobaini na saba. Karatasi ya alama ilikuwa imeshagongwa muhuri, haiandikwi upya. Nikakaa na kalamu. Naapa nilikuwa nataka hamsini na nne, alama ya heshima, isiyomshtua mtu, lakini tatu haikubali kuwa tano, nilijaribu pembeni kwenye karatasi nyingine, inakubali kuwa nane tu, ukiifunga kwa upande wa kushoto. Nikaifunga. Kwa hiyo Balozi akapata themanini na nne, akawa wa kwanza wa darasa, yule msichana aliyekuwa wa kwanza siku zote akapata sabini na tisa yake akalia chooni, na mwalimu mkuu hakuuliza neno, alitangaza mstarini na kusema, "Mnaona matunda ya mfuko."

Ningeweza kuishi na hayo, nakuambia ukweli, watu wanaishi na makubwa zaidi, lakini mama yake Balozi anafua mashuka hospitalini, na ile ripoti amekwenda kuitia plastiki, ameitundika ukutani kule kwenye chumba cha kufulia, juu ya meza ya pasi, nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kumtazama mgonjwa. Aliniona akaja mbio na mikono ya sabuni. "Mwalimu, mimi kugawanya kwangu kuliishia kugawa chakula, na huyu wangu themanini na nne. Nimemwambia msimamizi, nimewaambia mpaka wagonjwa, wengine hawana hata nguvu ya kunijibu." Halafu akafungua mkoba akanionyesha fomu ya sekondari ya kutwa, ile ya hapa karibu, ambako binti yake ameshapewa nafasi na fomu inatakiwa irudi Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa kumi jioni, isiporudi nafasi anapewa mwingine. "Hii siirudishi. Mwalimu mkuu amemwandikisha mtihani wa shule ya bweni ya sayansi, na kushika nafasi mbili hawaruhusu. Wa themanini na nne akafanye nini kutwa?" Mtihani wa bweni ni baada ya wiki tatu, wanasahihisha wenyewe, na chini ya sitini wanakurudisha nyumbani. Nikamwambia, "Hongera, mama." Ndiyo maneno yote niliyoyapata.

Mke wangu anasema ninyamaze mpaka mkataba uandikwe, halafu ndipo niwe mwaminifu. Mimi nilikuwa nafikiria nimfundishe Balozi kwa nguvu hizi wiki tatu, labda atafika. Nikisema ukweli mfuko unaweza kuondoka, na mwenzangu wa kusoma na kuandika ana mapacha. Mfumo wenyewe ndio mbovu, mshauri, hilo nadhani unaliona.

Jumatano iliyopita kabla ya kipindi Balozi alibaki nyuma akajifanya anafuta ubao ambao ulikuwa safi. Akasema, "Mwalimu, nimejumlisha karatasi yangu ya mtihani tena. Mara tatu. Inakuja thelathini na nne." Nikaendelea kupanga chaki. Akasema, "Mama sijamwambia. Nilidhani labda wewe ndiye utamwambia." Halafu akachukua skafu zake akatoka, maana gari lilikuwa limeshaingia getini.

Nifanye nini?

Mwalimu wa Kipindi cha Tatu

*

Mshauri anajibu:

Mwalimu, nimekusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Ratiba ya gari la wilaya umenipa yote, mpaka siku ya gereji. Muhuri nimeupata, skafu nimezipata, mapacha wa mwenzako nimewapata. Maneno ya Balozi umeyaweka mwisho kabisa, kama mtu anayetaja ugonjwa wenyewe akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari. Kumbe ndiyo barua yenyewe. Hayo mengine ni bahasha.

Kwanza pole, na ninaposema pole namaanisha. Kufundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja ni kukaa kwenye kiti ambacho mwingine amekishika mgongo. Mwalimu mkuu wako naye simwiti mbaya. Ana paa linalovuja, lugha nne zilizohama na gari lisilokuja ila Jumatano, na amefanya walichofanya wakuu wengi wa shule ndogo, amewapa wafadhili cha kupiga picha. Mtu akilipia kitu anataka kukiona, na hesabu haionekani. Skafu inaonekana. Hapo mlipoanzia sioni mwovu, naona watu waliochoka.

Lakini skafu haikuifunga ile tatu. Umeniandikia kwamba mfumo ni mbovu. Sawa, ni mbovu, na ungekuwa mbovu hata kama kalamu yako ingekaa mfukoni. Halafu unajitetea kwamba ulitaka hamsini na nne tu. Ndugu yangu, huyo ni mwizi anayemwambia hakimu kwamba alikuja kuchukua redio, televisheni ilimfuata yenyewe. Namba uliyoitafuta haikukubali, ukachukua iliyokubali, na mtoto wa watu akaamka asubuhi amekuwa bingwa wa darasa.

Na umemdharau, jambo ambalo sidhani umelitambua. Unaniambia Balozi hajui hesabu. Shule nzima imejumlisha karatasi ile au imedai kuijumlisha: wewe, mwalimu mkuu, afisa elimu, wafadhili na kikao chao. Aliyepata jibu sahihi ni mmoja, naye alirudia mara tatu kabla ya kusema. Kisha akafanya kitu ambacho wewe mwenye diploma kimekushinda, akamwendea anayehusika na kumwambia ana kwa ana. Hakukushtaki kwa mama yake. Amekustahi. Amekupa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe, na wakati huo kila jioni mama yake anarudi na sifa za themanini na nne, naye anazipokea akiangalia sakafu. Adhabu yako anaitumikia yeye.

Hiyo habari ya kumfundisha kwa nguvu wiki tatu iache. Unataka kumtoa thelathini na nne umfikishe sitini ili wewe usiseme sentensi moja. Huko bweni karatasi inasahihishwa na watu ambao hawajawahi kunywa chai ya shule yenu. Atashindwa, na siku hiyo nafasi ya kutwa itakuwa na mtu mwingine, na mama yake ataamini kwamba mtoto alizembea. Mtoto hatamwambia kitu. Unamjua sasa, atanyamaza akulinde.

Shauri la mke wako la kuwa mwaminifu baada ya mkataba nimelicheka, mpe salamu zangu, ni mwanamke mwenye akili ya nyumba. Lakini fomu inarudi Ijumaa hii, na mkataba wako ni mwisho wa mwaka.

Leo ni Jumanne. Nimemwomba mhariri aipandishe barua yako juu ya ile ya mama mkwe na jokofu, jokofu litasubiri. Kwa hiyo usiniambie gazeti lilichelewa. Leo hii, zamu ya kufulia ikitoka, uwe umesimama kwenye geti la hospitali. Usipige simu. Usimtume mtu. Usianze na gari wala mfuko wala kiwanda. Anza hivi: "Mama, alama za binti yako ni thelathini na nne, ile nane niliichora mimi." Kisha nyamaza, na kunyamaza najua unaweza. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Habari za mkataba wako usimgusie, na yeye ana kazi inayoweza kuondoka, na mikono yake inauma kuliko yako.

Akiuliza imekuwaje, hapo ndipo umweleze Jumatano kumi na moja, zote, kwa hesabu yake. Hilo analihitaji kuliko samahani yako, kwa sababu mwalimu mkuu anaweza kukujibu wewe anavyotaka, lakini mzazi akiandika kwamba mtoto wake asitolewe darasani wakati wa somo, hakuna ofisi yenye jibu. Mama anayefua mashuka ya hospitali nzima hatashindwa na karatasi moja. Chukua kalamu mfukoni, fomu ya kutwa ijazwe palepale mbele yako. Ila kuipeleka aipeleke yeye. Kwa wiki hii mikono yako ikae mbali na karatasi za mtoto wake. Kama bado wanataka kujaribu bweni mwaka mwingine, hilo ni lao, si lako. Na ile ripoti ya plastiki ukutani usiiguse wala usiombe. Ataishusha siku atakayotaka.

Ukitoka hapo andika barua ya mistari miwili kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu, kwamba alama ulizikosea kwa makusudi na alama sahihi ni hizi. Atakuita. Atasema mfuko. Mwambie ile fomu ya wafadhili ina nafasi ya maelezo chini ya masanduku. Fomu zote zinayo, na watu wote wanaiacha tupu. Ijazeni: mwanafunzi huyu alitolewa kwenye somo mara kumi na moja kuwapokea wafadhili. Na penye lugha tisa muandike tano. Siwezi kukuahidi watalipokeaje. Huenda wakaona aibu wakaongeza mwalimu, huenda wakafunga mfuko, na wewe na mwenzako mwenye mapacha mkatafuta kazi kwingine. Ningekuwa nakudanganya ningekuambia ukweli unalipa mshahara. Ninachojua ni kwamba shule inayopewa fedha kwa sababu watoto hawa wamerudi nyuma haina sababu ya kuwarudisha nyuma zaidi ili izipate.

Kuna na yule wa sabini na tisa, uliyemtaja kwa nusu sentensi akiwa chooni. Balozi alitangazwa wa kwanza mstarini, basi na marekebisho yasemwe mstarini, na uyaseme wewe kwa jina lako, ili pasiwe na mtoto wa kumnyooshea Balozi kidole. Mwambie Balozi kabla, peke yake, na wewe ndiye usimame. Vipindi kumi na moja unavyo, utamrudishia asubuhi kabla ya kengele, kimoja kimoja, kuanzia Alhamisi. Usimpe mazoezi. Mfungulie mada.

Imebaki kesho. Kesho ni Jumatano, na saa ya kipindi cha tatu gari litaingia kama kawaida yake, na mwalimu mkuu atakuja mlangoni kwako na skafu mkononi. Usimhutubie mbele ya watoto. Mwambie kwamba Balozi ana kipindi, kisha geukia ubao uanze.